Mashine za kura zisizo na karatasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila uchaguzi unapokaribia, swali hili hurudi: kwa nini tuendelee na makaratasi, masanduku na usiku kucha wa kuhesabu, ilhali kuna mashine inayotoa jumla dakika chache baada ya kituo kufungwa? Ukurasa huu unajibu maswali yanayoulizwa zaidi na mawakala wa vyama, waangalizi, waandishi wa habari na wapiga kura wa kawaida. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema: mashine isiyoacha karatasi haifai kuchagua rais, mbunge wala diwani, hata kama walioitengeneza ni watu waaminifu. Sababu ni hizi.

Mashine isiyo na karatasi ni ipi hasa?

Ni ile ambayo mpiga kura hubonyeza kitufe au hugusa skrini, na chaguo lake likahifadhiwa ndani ya kumbukumbu ya mashine peke yake. Hakuna kitu anachokishika wala kukisoma nje ya mashine. Jioni mashine inatoa jumla, na jumla hiyo ndiyo matokeo.

Usiichanganye na vifaa vingine vya uchaguzi. Kuna vifaa vya kuandikisha na kutambua wapiga kura kwa alama za vidole. Kuna mashine zinazosoma karatasi ambayo mtu ameitia alama kwa kalamu, na karatasi hiyo hubaki sandukuni. Kuna pia mashine zinazochapa karatasi ya kura baada ya mtu kuchagua kwenye skrini. Vyote hivyo vina matatizo yake, lakini tatizo tunalolizungumzia hapa ni la ile ya kwanza: siku ya ubishi, hakuna cha kufungua kikahesabiwa upya.

Je, Afrika Mashariki tunazitumia?

Kura za urais Tanzania, Kenya na Uganda hupigwa kwa karatasi. BVR iliyotumika Tanzania kuelekea uchaguzi wa 2015 ilikuwa ya kuandikisha wapiga kura. Kenya ina vifaa vya KIEMS, ambavyo hutambua wapiga kura na kusafirisha matokeo. Kura yenyewe ni karatasi.

Mgogoro wa Kenya wa 2017 ulihusu usafirishaji huo wa matokeo. Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, na moja ya mambo yaliyoiponza tume ni kushindwa kufungua sava zake kama mahakama ilivyoagiza. Mwaka 2022 tume iliweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye mtandao, na mtu yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Kesi ilikwenda mahakamani safari hiyo pia, lakini majaji na wananchi walikuwa na karatasi za kulinganisha. Tofauti hiyo ni kubwa mno.

Zilianzia wapi, na kwa nini nchi tajiri zilizikimbilia?

Mashine za kielektroniki zilikuwapo zamani, lakini mbio zenyewe zilianza na uchaguzi wa Marekani wa 2000. Katika jimbo la Florida, George W. Bush alimshinda Al Gore kwa kura 537, baada ya wiki kadhaa za maofisa kukodolea macho kadi za kura zilizotobolewa nusunusu. Dunia nzima iliona picha zile. Mwaka 2002 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzipa serikali za majimbo mabilioni ya dola zinunue vifaa vipya, na kampuni zikawa tayari na skrini za kugusa. Georgia iliziweka jimbo zima mwaka huohuo.

Kadi za Florida zilikuwa mbovu kweli. Ila dawa iliyochaguliwa iliondoa ushahidi pamoja na ugonjwa. Kadi iliyotobolewa vibaya angalau unaweza kuibishania mbele ya hakimu.

Lakini natuma pesa kwa simu kila siku bila karatasi na zinafika. Kwa nini kura isiwe hivyo?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Ukituma shilingi 50,000 kwa simu, unapata ujumbe wenye namba ya muamala. Aliyetumiwa anapata wake. Kampuni ina kumbukumbu yake, yenye jina lako, jina lake, saa na kiasi. Pesa zisipofika, unapiga huduma kwa wateja, wanatafuta muamala kwa jina lako, na ukweli unaonekana. Mfumo huu unaaminika kwa sababu kila upande unajua nani alimpa nani nini, na kila upande ana sababu ya kupiga kelele hesabu isipolingana.

Kura inakataza jambo hilohilo. Sheria inataka asiwepo mtu, hata msimamizi wa kituo, anayeweza kujua ulimchagua nani. Kwa hiyo mashine inalazimika kukata uhusiano kati ya jina lako na chaguo lako. Ikishaukata, ikampa mgombea mwingine kura yako, nani atagundua? Wewe hukupata ujumbe. Mgombea hajui kwamba ulikuwa wake. Tume inaona jumla tu, na jumla inalingana na idadi ya waliopanga foleni.

Basi si wakupe risiti? Hapana, risiti inayoonyesha ulimchagua nani ni hatari. Aliyekupa kanga na kilo mbili za sukari atasema, "Niletee risiti." Mwajiri ataitaka. Mume ataitaka kwa mkewe. Usiri wa kura ulibuniwa ili pasiwe na risiti ya kuonyesha mtu.

Karatasi inalimaliza tatizo hili kwa njia rahisi ambayo kompyuta haijaipata. Unaiona kwa macho yako, unahakikisha alama iko pale ulipotaka, kisha unaitumbukiza kati ya mamia ya nyingine zisizo na majina. Ulithibitisha ukiwa peke yako kwenye kituturi, na ikishaingia sandukuni hakuna anayeweza kuichomoa akasema hii ni ya fulani.

Jambo jingine: kampuni za fedha hupoteza pesa kwa wizi kila mwaka, na hutenga fungu la kufidia hasara. Uchaguzi hauna fungu la fidia. Hakuna anayeweza kukurudishia kura miaka mitano baadaye.

Je, kuna kura zilizowahi kupotea kweli, au ni hofu tu?

Zimepotea, na kesi iliyo wazi kabisa ni ya kaunti ya Carteret, jimbo la North Carolina, mwaka 2004. Mashine ya kupigia kura za mapema ilikuwa na nafasi ya kura 3,005. Maofisa waliambiwa na kampuni kwamba inachukua zaidi ya 10,000. Nafasi ilipojaa, mashine iliendelea kupokea wapiga kura bila kuhifadhi walichochagua. Kura 4,438 zikayeyuka. Katika jimbo hilohilo, kinyang'anyiro cha kamishna wa kilimo kati ya Steve Troxler na Britt Cobb kilikuwa na tofauti ya kura 2,287 tu. Hapakuwa na cha kuhesabu upya. Mvutano uliendelea hadi mapema 2005, Cobb alipokubali kushindwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa habari yenyewe ilipatikana kwa bahati, kwa sababu idadi ya waliosaini daftari ilikuwa kubwa kuliko idadi ya kura.

Kesi ya Sarasota, Florida, mwaka 2006, inatusumbua zaidi. Vern Buchanan alimshinda Christine Jennings kiti cha ubunge kwa kura 369. Katika kaunti hiyo, mashine zilionyesha kwamba watu wapatao 18,000 walipiga kura za nafasi nyingine lakini hawakumchagua mbunge yeyote, karibu asilimia 15 ya waliotumia mashine. Kwa waliopiga kwa karatasi za posta kiwango hicho kilikuwa kidogo sana, karibu asilimia 2.5. Uchunguzi wa serikali kuu haukupata hitilafu ya mashine, na wataalamu wengi wanaamini mpangilio wa skrini uliwafanya watu waruke sehemu hiyo bila kuiona. Huenda ni kweli. Lakini walikuwa wanaihoji mashine kuhusu mwenendo wake wenyewe, nayo ilirudia jibu lilelile. Mwaka uliofuata Florida ilipitisha sheria ya kurudi kwenye karatasi.

Makosa yanayogundulika kirahisi ni yale ya ajabu. Mwaka 2000, katika kaunti ya Volusia, Florida, kituo kimoja kilimpa Gore kura hasi 16,022. Huko Schaerbeek, Ubelgiji, tarehe 18 Mei 2003, mgombea mmoja alipata kura 4,096 za ziada, na kosa likaonekana kwa sababu alikuwa na kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Namba 4,096 ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na mbili, yaani tarakimu moja tu ndani ya kumbukumbu ya kompyuta iligeuka. Wengine wanadhani ni mnururisho kutoka angani. Ubelgiji walikuwa na kadi za sumaku za wapiga kura, wakazisoma upya na hesabu ikarudi sawa. Sasa fikiria kosa la kura 64 badala ya 4,096. Nani angeshtuka?

Mashine hizi hazijaunganishwa na intaneti. Mdukuzi atapitia wapi?

Kupitia mkono wa mtu. Mwaka 2006 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Princeton, Ariel Feldman, Alex Halderman na Edward Felten, walionyesha kwamba anayefikia mashine ya kampuni ya Diebold kwa chini ya dakika moja anaweza kuingiza programu ya kuhamisha kura, ifute nyayo zake, na isambae kwa mashine nyingine kupitia kadi za kumbukumbu. Mlango wa kadi ulikuwa na kufuli, ila funguo zake zilikuwa za aina ileile inayotumika kwenye makabati ya ofisini na friji ndogo za hotelini.

India mashine ni sahili zaidi, hazina mtandao wowote. Mwaka 2010 Hari Prasad, Halderman na Rop Gonggrijp walibadilisha kioo cha kuonyeshea matokeo wakaweka kinachofanana nacho, kikawa kinaonyesha namba za uongo. Baada ya hapo Hari Prasad alikamatwa na polisi, akishutumiwa kuiba mashine waliyoifanyia utafiti. Tunaona aibu kubwa hapo: aliyeonyesha ufa ndiye aliyepelekwa kituoni.

Na zingine zilikuwa na mtandao. Mashine za WINVote za jimbo la Virginia zilikuwa na Wi-Fi ndani yake, na nenosiri lake lilikuwa "abcde". Zilipigwa marufuku Aprili 2015, baada ya kutumika kwa miaka zaidi ya kumi.

Si hupimwa kabla ya uchaguzi, na wataalamu hukagua programu?

Hupimwa, na ni vizuri zipimwe. Ila kipimo cha siku ya majaribio kinaonyesha ilivyofanya kazi siku ya majaribio. Mwaka 2015 iligundulika kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen yalikuwa na programu inayotambua kuwa gari linapimwa moshi, likatulia, kisha likirudi barabarani linachafua hewa kama kawaida. Mashine ya kura ina saa na kalenda ndani yake. Inaweza kujua kama leo ni siku ya uchaguzi.

Kukagua msimbo, yaani maandishi ya programu, kunasaidia kugundua uzembe. Mwaka 2003 watafiti wanne, akiwemo Avi Rubin wa Johns Hopkins, walisoma msimbo wa mashine za Diebold uliokuwa umeachwa wazi kwenye mtandao, wakakuta ufunguo mmoja wa siri umeandikwa ndani ya programu, uleule kwa mashine zote. Lakini hata msimbo uliokaguliwa ukawa safi, utajuaje kwamba ndio uliomo ndani ya mashine iliyo mbele yako, kituo cha kata yako, asubuhi ile? Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alieleza tangu 1984 kwamba huwezi kuuamini msimbo ambao hukuuandika wewe mwenyewe kikamilifu. Miaka imepita, na hakuna aliyepata njia ya kumpa wakala wa chama uwezo wa kuyathibitisha haya kwa macho.

Wanasayansi wa kompyuta ndio walioongoza upinzani dhidi ya mashine hizi. David Dill wa Stanford, Rebecca Mercuri, Ronald Rivest wa MIT: hawa ni watu ambao maisha yao ni kompyuta. Rivest na John Wack waliweka kanuni ambayo tungependa kila tume ya uchaguzi iijue: kosa lisilogunduliwa ndani ya programu lisiweze kuleta badiliko lisilogundulika katika matokeo.

Mashine huchapa jumla ya kituo jioni na kuibandika ukutani. Haitoshi?

Inasaidia sana kwa jambo moja: kuzuia namba zisibadilishwe njiani kati ya kituo na makao makuu. Brazil hufanya hivyo, na ni jambo la kusifiwa. Ila karatasi hiyo ni kauli ya mashine kuhusu mashine. Kama kura ilibadilishwa saa nne asubuhi, jumla ya saa kumi na moja jioni itauchapa uongo huo kwa wino safi kabisa.

Namibia ilikuwaje?

Tunaomba kila msomaji wa Afrika aifahamu kesi hii. Novemba 2014 Namibia ilikuwa nchi ya kwanza barani kutumia mashine za kura nchi nzima. Zilitoka India. Bunge lilikuwa limepitisha sheria mwaka huohuo, na kifungu cha 97 kilisema wazi kwamba mashine zitumike sambamba na kumbukumbu ya karatasi inayoweza kuthibitishwa. Waziri alipoiweka sheria hiyo katika utekelezaji, aliviacha nje vijifungu vinavyodai karatasi. Mashine zikaingia, karatasi ikabaki kwenye vitabu.

Mwaka 2014 Hage Geingob alishinda kwa karibu asilimia 87, na kwa ushindi mpana kiasi kile ubishi haukuwa mkubwa. Mwaka 2019 alipata asilimia 56, na Panduleni Itula, aliyesimama kama mgombea binafsi, akapata karibu 29. Itula na wenzake wakaenda mahakamani. Tarehe 5 Februari 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba waziri hakuwa na mamlaka ya kuchagua vipande vya sheria vya kutekeleza na kuviacha vingine, na kwamba matumizi ya mashine bila karatasi yalikwenda kinyume cha katiba. Lakini uchaguzi haukufutwa, kwa kuwa walalamikaji hawakuwa na ushahidi kwamba mashine zilibadilisha kura.

Hatusemi Geingob aliiba. Hakuna ushahidi huo, na tofauti ilikuwa kubwa. Tunachouliza ni ushahidi huo ungetoka wapi. Mlalamikaji aliambiwa alete kitu ambacho sheria ilitaka kiwepo, na serikali haikukiweka. Geingob naye alinyimwa haki yake, maana hakuwa na sanduku la kumfungulia mpinzani wake amwambie, "Haya, hesabu mwenyewe." Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini ili akubali lazima aonyeshwe.

Namibia ilirudi kwenye karatasi katika chaguzi za mikoa na serikali za mitaa za Novemba 2020. Uchaguzi wa 2024 nao ulikuwa wa karatasi, na baadhi ya vituo viliishiwa karatasi hadi muda wa kupiga kura ukaongezwa kwa siku kadhaa. Huo ulikuwa uzembe wa kweli na wananchi walikuwa na haki ya kukasirika. Ila waliuona wote, siku ileile, na wakaenda nao mahakamani.

Ulaya walifanya nini?

Ujerumani ndiyo iliyotoa hukumu inayofaa kunukuliwa kila mahali. Mwaka 2005 wapiga kura wapatao milioni 2 walitumia mashine za kampuni ya Nedap. Mwanafizikia Ulrich Wiesner na baba yake Joachim walifungua kesi, na tarehe 3 Machi 2009 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba raia lazima aweze kukagua hatua muhimu za uchaguzi bila kuwa na utaalamu wa pekee. Maneno hayo yana uzito mkubwa. Mwuza samaki ana haki ya kuelewa jinsi kura yake ilivyohesabiwa sawasawa na mhandisi.

Uholanzi walikuwa na mashine hizohizo karibu nchi nzima. Mwaka 2006 kikundi cha Gonggrijp kilibadilisha chipu za kumbukumbu kwa dakika chache, kikaifanya mashine icheze sataranji, kisha kikaonyesha kwamba mawimbi ya redio yanayotoka kwenye mashine yanaweza kufichua anachochagua mtu. Kufikia 2008 walikuwa wamerudi kwenye karatasi na penseli nyekundu. Ireland walitumia zaidi ya euro milioni 50 kununua mashine ambazo hazikuwahi kutumika nchi nzima, na mwaka 2012 waliziuza kama vyuma chakavu kwa euro zipatazo 70,000.

Mbona India na Brazil wanaendelea nazo?

India hawaendelei nazo zikiwa tupu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliagiza kifaa cha kuchapa kiongezwe hatua kwa hatua: mpiga kura anaona kikaratasi nyuma ya kioo kwa sekunde 7, kisha kinadondoka sandukuni. Tangu 2019 vikaratasi vya mashine 5 katika kila jimbo la bunge la mkoa huhesabiwa na kulinganishwa. Walioomba vyote vihesabiwe walikataliwa na mahakama Aprili 2024. Kwa maoni yetu mashine 5 ni chache pale tofauti inapokuwa ndogo, lakini karatasi ipo.

Brazil ndiyo demokrasia kubwa inayoshikilia mfumo usio na karatasi ya mpiga kura. Wameutumia tangu 1996, na nchi nzima tangu 2000. Hakuna ushahidi wa wizi uliothibitishwa, na tume yao hufanya majaribio mengi ya wazi. Mwaka 2021 pendekezo la kuchapa kura lilipata kura 229 bungeni, zikitakiwa 308, likaanguka. Bahati mbaya lilibebwa na Jair Bolsonaro, aliyekuwa akidai wizi bila kutoa ushahidi, kwa hiyo hoja ya kiufundi ikageuka vita vya vyama. Aliposhindwa mwaka 2022, chama chake kiliomba kura za mashine za zamani zifutwe; mahakama ya uchaguzi ilikataa na kukitoza faini. Uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini jaji alilazimika kuwaambia mamilioni ya watu wenye hasira wauamini mfumo, kwa kuwa masanduku ya kuwafungulia hayakuwepo.

Congo walikuwa na karatasi. Mbona kelele zilikuwa kubwa vile?

Kwa sababu karatasi isiyohesabiwa hadharani haina faida. Mashine zilizotumika tarehe 30 Desemba 2018 zilitengenezwa na Miru Systems ya Korea Kusini. Mpiga kura aligusa picha ya mgombea, mashine ikachapa chaguo kwenye karatasi, naye akaitia sandukuni. Kwa maelezo tuliyotoa juu, huo ni mfumo unaoweza kukaguliwa. Ila CENI, tume ya uchaguzi ya Congo, haikuchapisha matokeo ya kila kituo. Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi wapatao 40,000, na maaskofu wakasema kwamba matokeo yaliyotangazwa hayalingani na waliyokusanya. Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi, Martin Fayulu akapinga, Mahakama ya Katiba ikathibitisha, na karatasi zile hazikuhesabiwa mbele ya watu.

Beni na Butembo uchaguzi uliahirishwa, sababu zikitajwa kuwa Ebola na usalama. Wakazi wa Beni walijipanga foleni siku ileile wakapiga kura yao ya mfano, kwa karatasi na masanduku yao. Hatujui jibu bora zaidi kwa anayedai kwamba mwananchi wa kawaida hajali jinsi kura inavyopigwa.

Katika uchaguzi wa 2023 lilijitokeza jingine. Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa makosa mbalimbali, yakiwemo kumiliki mashine za kura kinyume cha sheria. Mashine zilikuwa mikononi mwa watu binafsi! Hapo ndipo unapoelewa kwamba ulinzi wa vifaa ni nusu ya kazi.

Karatasi nazo huibiwa. Tofauti iko wapi?

Huibiwa, tena sana. Masanduku yamewahi kujazwa, fomu zimewahi kuchakachuliwa, mawakala wamewahi kufukuzwa vituoni. Anayesema karatasi ni kinga hajawahi kuhesabu kura usiku.

Tofauti ni kiasi cha mikono inayohitajika. Kuiba kura 200,000 za karatasi kunataka watu wengi, magari, masanduku, na ukimya wa mamia ya mashahidi, na kila mmoja anaweza kusema. Kuiba idadi hiyo kwenye mashine kunaweza kufanywa na mtu mmoja aliyeandika mistari michache ya programu, miezi kabla, katika nchi nyingine. Halafu wakala wa chama anaweza kujifunza kusimamia karatasi kwa siku moja: anaona sanduku tupu asubuhi, anaandika namba za lakiri, anatazama kila karatasi ikiinuliwa na kusomwa. Kwenye mashine anatazama plastiki.

Nini kifanyike na karatasi ili iwe na maana?

Ihesabiwe, angalau sehemu yake, baada ya kila uchaguzi na kabla matokeo hayajathibitishwa. Philip Stark wa Berkeley alibuni njia ya kuchagua karatasi kwa bahati nasibu na kulinganisha na matokeo: tofauti ya wagombea ikiwa kubwa, sampuli ndogo inatosha; ikiwa ndogo, sampuli inaongezeka; mambo yakikataa kulingana, zinahesabiwa zote. Colorado ilianza kuifanya jimbo zima Novemba 2017, na namba za kuanzia hupatikana kwa kurusha dadu mbele ya watu.

Kazi yake ilionekana Northampton, Pennsylvania, mwaka 2019. Mashine mpya zilimpa mgombea ujaji Abe Kassis kura 164 kati ya karatasi 55,000 hivi. Karatasi zilipohesabiwa, alikuwa na 26,142, mbele ya mpinzani wake. Georgia, baada ya jaji kupiga marufuku mashine zake za zamani, ilihesabu kwa mkono karatasi zipatazo milioni 5 za urais mwaka 2020, na ushindi wa Joe Biden ukathibitika. Waliokuwa wakidai wizi hawakunyamaza, lakini kila mwenye nia ya kujua alijua.

Karatasi inayochapwa na mashine ni sawa na ya kutia alama kwa mkono?

Hapana. Watu wengi hawasomi kilichochapwa. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Michigan lililochapishwa 2020, mashine ziligeuza chaguo moja kwa makusudi, na ni asilimia 6.6 tu ya washiriki waliomwambia msimamizi. Kalamu mkononi ni bora kwa anayeweza kuitumia.

Na wasioona, au wasioweza kushika kalamu?

Hoja hii ni ya haki, na wapenda karatasi wameipuuza mno. Asiyeona aliyezoea kusindikizwa na mtu wa kumwekea alama hana usiri. Jalada la nukta nundu linawafaa wanaosoma nukta nundu, ila si wote wanaozisoma. Mashine yenye vipokea sauti inayochapa karatasi, moja katika kila kituo, inastahili gharama yake. Tunachopinga ni kumlazimisha kila mpiga kura kutumia mashine kwa kisingizio cha wenye ulemavu.

Walio ughaibuni wapige kwa intaneti?

Estonia wanafanya hivyo tangu 2005. Akademia za kitaifa za sayansi za Marekani zilishauri mwaka 2018 kwamba intaneti isitumike kurudisha kura kwa sasa. Tunakubaliana nazo. Simu ya mpiga kura aliye Muscat au Minneapolis ni mashine isiyo na karatasi, tena isiyolindwa na yeyote. Vituo ubalozini ni usumbufu, lakini vina sanduku.

Tume ikitangaza zabuni ya mashine, tuulize nini?

Anza na hili: siku mgombea akikataa matokeo, mtafungua nini mbele yake? Jibu likiwa "kumbukumbu ya mashine", mazungumzo yameishia hapo.

Likiwa "karatasi", endelea. Nani aliiona karatasi hiyo kabla haijaingia sandukuni, mpiga kura au mashine peke yake? Sheria inasema kipi kinashinda zikitofautiana, karatasi au skrini? Matokeo ya kila kituo yatachapishwa lini, na wapi mwananchi atayaona? Nani anaruhusiwa kuomba kuhesabu upya, ndani ya siku ngapi, na kwa gharama ya nani? Masanduku yatalala wapi hadi kesi ziishe, na funguo za chumba hicho ziko kwa nani?